Jinsi Mikongeni Ilivyofanywa Tupu

Mimi ni mwandishi wa mihtasari katika Wizara ya Ajira, Elimu na Mambo Yajayo ya Jamhuri ya Mbeleni, na kwa miaka kumi na tisa sijakosa kikao hata kimoja. Nasema hivi si kwa kujisifu. Ni kwa sababu habari ya Mikongeni imekuwa ikisimuliwa ovyo vijiweni, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi. Mimi sina chumvi. Nina mihtasari.

Ukitoka katikati ya mji wetu mkuu ukaelekea magharibi, ukakipita kiwanda cha magodoro na kituo cha mwisho cha mabasi, utafika Mikongeni. Zamani lilikuwa shamba la mkonge la kampuni moja ya kigeni. Kampuni ikaondoka, mkonge ukabaki, na baadaye mkonge nao ukachoka. Ni ekari mia tatu na kitu, na serikali zetu zote zimeipenda ardhi ile kwa dhati. Kila waziri mpya alikwenda kuweka jiwe la msingi la mradi wa ajira na elimu, na hadi mwaka ninaouzungumzia yalikuwapo mawe matano, yamejengewa kwa saruji na kuvikwa marumaru, yote yakitazama barabarani. Halikuwahi kuwekwa tofali juu ya hata moja. Lakini yalipakwa chokaa kila mwaka, na hilo ni jambo ambalo wapinzani hawapendi kulitaja.

Kule Mikongeni aliishi mama mmoja aliyeitwa Leonida Msangaji. Alikuwa amefundisha shule za msingi miaka thelathini na minane, akastaafu, akajenga chumba na sebule pembeni ya shamba. Miezi miwili tu baada ya kustaafu alianza kuumwa kichwa. Daktari alipima kila kitu asione ugonjwa. Dada yake ndiye aliyemwambia ukweli, kwamba kinachomuuma ni kukosa watu wa kuwakosoa. Basi Mwalimu Leonida akanunua mabanzi, akasimamisha banda, akaanza kufundisha: asubuhi watoto, kwa sababu shule ya karibu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na alasiri watu wazima.

Vitabu hakuwa navyo. Alitumia mawe ya msingi. Wanaoanza aliwapeleka kwenye jiwe la kwanza, ambalo maneno yake ni machache, maana waziri yule alikuwa mtu wa zamani. Wakilimudu wanahamia la pili, na kuendelea. Jiwe la tano lilikuwa na maneno kama «ustawishaji shirikishi wa pembezoni», na aliyeweza kulisoma bila kusita alihesabiwa kuwa amefuzu. Kwa hiyo mtu asidanganye kwamba serikali haikuwapa watu wa Mikongeni vitabu. Iliwapa vitano, vya marumaru.

Bondeni, mwendo mfupi kutoka bandani, Fundi Chande Mrope alikuwa na tanuri la vigae. Udongo wa pale ni mwekundu na unashikana vizuri, na vigae vyake vilikuwa vimeezeka nusu ya nyumba za kitongoji kile. Watu ishirini na watatu walifanya kazi kwake. Aliyeujua udongo kuliko wote alikuwa Bi Mwatabu Shekuwe, mama wa miaka hamsini na nne, mwenye mikono iliyokuwa myekundu hata siku za mapumziko.

Bi Mwatabu alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Leonida kwa miaka mitatu. Alianza kwa sababu ya dole gumba. Katika maisha yake yote, kila ofisi aliyoingia, hospitali, mahakama, hata siku ya kumzika mumewe, karani alikichukua kidole chake, akakichovya katika wino na kukigandamiza kwenye karatasi. Alisema makarani hukishika kidole cha mtu kama wanavyoshika kijiko cha kuazima. Siku alipoandika jina lake lote kwa mara ya kwanza, bila kuangalia ubaoni, alikaa pale bandani mpaka wenzake wote wakaondoka, akilitazama. Mwalimu alimwambia herufi ya b imelala kidogo. Akaifuta, akaisimamisha.

Basi mwaka ule tukapata waziri mpya, Mheshimiwa Daktari Anzuruni Lukindo, na yeye akaja na Mpango wa Ajira na Elimu Pembezoni mwa Mji. Kifupi chake, MAEPEMJI, kilituchukua vikao vinne. Aliutangaza mpango huo mbele ya waandishi wa habari kwa hotuba ambayo bado ninayo.

«Ndugu wananchi,» alisema, «ardhi tupu ni sawa na tumbo tupu. Haifai kuachwa. Sisi tutaijaza ajira miguuni na elimu kichwani.»

Sikuelewa vizuri tumbo lilipataje miguu na kichwa, lakini niliandika, na watu walipiga makofi.

Ilibidi kwanza ithibitishwe kwamba ardhi ile ni tupu kweli. Akatumwa afisa mipango mmoja kijana, Bwana Hilali Mtepa, aliyekuwa na miezi mitano kazini na hakuwahi kutoka nje ya jengo ila kwa chakula. Alipewa fomu yenye swali moja: Je, ardhi ni tupu? Chini yake palikuwa na visanduku vitatu: Tupu. Tupu sana. Tupu kabisa.

Hilali alifika Mikongeni alasiri, akaingia bandani kuuliza njia. Mwalimu Leonida alidhani ni mwanafunzi aliyechelewa. Alimwonyesha benchi kwa kidole na kuendelea na somo, na Hilali, aliyelelewa kwa adabu, akakaa. Alikaa somo zima. Akamsikia mzee mmoja mlinzi akisoma sentensi nzima, na kuona wenzake wakimtazama kwa kijicho. Baadaye alishuka bondeni, Fundi Chande akamwonyesha kigae kibichi na kigae kilichoiva, akamgongea vyote viwili asikie tofauti ya sauti.

Jioni ile aliiangalia fomu yake kwa muda mrefu. Mwishowe alichora kisanduku cha nne kwa mkono, akaandika pembeni: «Si tupu. Ina shule ya watu sitini na wanne na kazi ya watu ishirini na watatu.»

Taarifa hiyo ilipofika wizarani, ilileta taharuki. Kikao kiliitwa siku hiyohiyo. Mkurugenzi wa Mipango aliuliza nani amempa afisa huyu ruhusa ya kuchora visanduku. Mkurugenzi wa Elimu alisema kwamba elimu inayotolewa bila wizara kujua si elimu, ni fununu. Wengine walishauri taarifa ipotee, lakini ilikuwa imeshapigwa muhuri, na muhuri wetu haupotei.

Mheshimiwa Waziri aliwasikiliza wote, macho yakiwa juu ya meza. Halafu akalieleza tatizo kwa namna ambayo hakuna mwingine angeweza. Mradi wetu, alisema, ni wa kupeleka ajira na elimu mahali pasipo na ajira wala elimu. Mikongeni, kwa bahati mbaya, imejitangulia.

«Huwezi kummwagia maji mtu aliyekwisha kuoga, ukasema wewe ndiye uliyemwogesha,» alisema. «Lazima kwanza achafuke.»

Ikaamuliwa kwamba ajira na elimu zilizoko Mikongeni ziondolewe ili kupisha ajira na elimu. Kwa kuwa kamusi haikuwa na neno la kufanya mahali pawe patupu, tuliunda neno jipya, utupushaji, na ninajivunia kwamba mimi ndiye niliyeliandika kwa mara ya kwanza katika historia. Hilali hakuadhibiwa. Alipandishwa cheo, akawa Mratibu wa Utupushaji, kwa hoja kwamba aliyejua vitu viko wapi ndiye anayefaa kuviondoa. Alipoambiwa, alisema asante. Alikuwa na mke mjamzito, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya serikali.

Sheria zetu ni za huruma. Zinasema watu wanaoondolewa kupisha mradi wawe wa kwanza kunufaika nao. Wakazi wote wa Mikongeni walikuwa waandikwe katika Daftari la Wanufaika na kupewa viwanja ng'ambo ya mtaro wa maji uliopita pembeni ya shamba, nje ya mpaka wa mradi. Lakini mnufaika alitakiwa kutimiza masharti mawili: awe hana kazi, na awe hajui kusoma. Sharti la kwanza halikuwa na shida, kwa sababu tanuri lingevunjwa na serikali yenyewe ingewasaidia kulitimiza. Sharti la pili ndilo lililokuwa gumu. Tanuri unaweza kulivunja, lakini mtu akishajua kusoma, hakuna mashine ya kuiondoa herufi kichwani mwake. Wizara iliulizia.

Siku ya uandikishaji lilisimamishwa hema kando ya barabara. Fomu ilikuwa na maneno haya: «Kama hujui kusoma, weka dole gumba katika kisanduku cha kushoto.» Watu thelathini wa kwanza, waliotaka viwanja vyao haraka, walifika, wakaangalia fomu, wakaweka dole gumba katika kisanduku cha kushoto. Makarani wakawakataa wote. Kama hawajui kusoma, walijuaje kwamba ni cha kushoto?

Hilali alitoka nje ya hema kuwaeleza. Alisema kwa upole kwamba waliokataliwa wapange foleni upya wapewe fomu mpya, na kwamba mtu asitazame karatasi. Atazame juu, asubiri kidole chake kishikwe. Wale waliokuwa nyuma walianza kufanya mazoezi kwenye foleni. Yule mzee mlinzi alishindwa mara mbili, kwa sababu kila alipoinua macho alikutana na bango la mradi, na midomo yake ikaanza kucheza yenyewe.

Mwalimu Leonida hakwenda pale hemani. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanafunzi wake walikuwa wamemfuata kumwuliza wafanye nini. Aliwaambia kwamba mtu mwenye watoto anahitaji mahali pa kulala, kwa hiyo waende waweke vidole, na asiwepo wa kumwonea haya. Dada yake ndiye aliyesema baadaye kwamba kichwa kilimrudia usiku uleule.

Zamu ya Bi Mwatabu ilipofika, alikaa kwenye kiti, akaivuta fomu karibu na kuisoma yote, mbele na nyuma, pamoja na jina la mchapishaji kule chini. Kisha akaomba kalamu.

Hilali aliinama karibu naye. «Mama, nakuomba. Weka kidole tu. Bila hivyo sina namna ya kukupa kiwanja.»

«Mwanangu, wewe unajua kwamba najua kusoma?»

«Najua, mama. Nilikuona.»

«Basi wewe andika uongo wako, maana umeajiriwa. Mimi nimehangaika miaka mitatu kuutoa wino kwenye kidole hiki. Sikirudishi.»

Aliandika jina lake chini ya fomu, polepole, Mwatabu Shekuwe, herufi zote zimesimama. Karani akaigonga fomu muhuri wa kukataliwa. Akapoteza kiwanja. Aliinuka kitini, akawasalimu makarani, akarudi kukanda udongo, kwa sababu tanuri lilikuwa bado na siku nne.

Utupushaji ulifanyika siku ya Jumatatu. Likaja katapila moja na malori mawili. Dereva wa katapila alifika wakati wa somo la hesabu, na Mwalimu Leonida akamwambia asubiri dakika ishirini zilizobaki. Akazima injini, akasubiri, hata akajibu swali moja ambalo darasa zima lilikuwa limelikosea. Somo lilipokwisha, Mwalimu aliagiza kila mwanafunzi abebe daftari lake na kila wawili wabebe benchi. Ubao aliubeba mwenyewe. Walivuka mtaro kwa mstari mmoja, watoto mbele, na nyuma yao mabanzi yakaanza kuvunjika.

Bi Mwatabu alisimama bondeni akiangalia tanuri likisukumwa. Lilikuwa bado na moto ndani, na vigae mia nne vilivyokuwa vinaiva. Havikupiga kelele nyingi kama alivyotarajia. Fundi Chande alikaa chini na kujifunika uso kwa kofia yake, na yeye Mwatabu akakaa karibu naye mpaka malori yalipoondoka.

Mawe ya msingi hayakuguswa, maana yalikuwa mali ya serikali. Hilali aliijaza fomu upya. Safari hii aliweka alama katika kisanduku cha tatu: Tupu kabisa. Mpiga picha wa wizara alipiga picha kumi na mbili za utupu ule, na ile bora zaidi ikatundikwa ukumbini kwetu.

Sasa, huenda mtu akauliza mradi ulianza lini. Swali zuri. Jiwe la sita liliwekwa mwezi huohuo. Lango likajengwa, kubwa, la chuma, lenye maandishi ya dhahabu: CHUO CHA AJIRA NA ELIMU MIKONGENI. Ukuta ulikuwa katika awamu ya pili, kwa hiyo mbuzi walipita kando ya lango, lakini watu wa wizara tulipita langoni, kwa sababu lazima mtu aonyeshe mfano. Chuo kikapata mkuu, naibu mkuu, msajili na mshauri wa nidhamu, wote wenye ofisi mjini. Zilitangazwa kazi za ujenzi pia, na sharti likawa kila mwombaji awe na cheti cha ujenzi kutoka chuo hichohicho. Hakuna aliyekuwa nacho. Wizara ilisikitishwa na uhaba wa wataalamu nchini.

Ng'ambo ya mtaro, wanufaika walipewa viwanja. Bi Mwatabu hakupata, akahamia kwa Mwalimu Leonida, aliyekuwa amehamisha mlango, madirisha na mabati yake na kujenga tena chumba na sebule kwenye kona ya kiwanja cha mwanafunzi wake mmoja. Yeye akalala chumbani, Mwatabu sebuleni. Darasa likaendelea uani kwao. Fundi Chande alijenga tanuri jingine, dogo, ambalo wizara haikuliona kwa sababu lilikuwa nje ya ramani. Lakini udongo wa upande ule ni mchanga mtupu. Vigae vilipasuka, na kati ya watu ishirini na watatu walibaki saba.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Ndipo Mheshimiwa Rais alipotangaza kwamba angepokea wageni kutoka Umoja wa Nchi Zinazokaribia Kuendelea, na kwamba angependa wauone mradi wa Mikongeni, hasa mhitimu mmojawapo.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuviandika. Tulitafuta mhitimu. Kwa mujibu wa mpango, wanufaika wote wangekuwa hawajui kusoma hadi mwaka wa nne, na daftari lao lilikuwa limeshapelekwa kwa wageni likiwa na vidole sitini na vitatu. Kumtoa mmoja na kusema anajua kusoma kungekuwa kughushi takwimu, na wizara yetu haighushi. Mkuu wa chuo alijitolea kuwa mhitimu yeye mwenyewe, lakini alikuwa mnene kupita kiasi kwa hali ya wanufaika. Mwishoni Hilali alisema yuko mtu mmoja tu Mikongeni ambaye serikali ilikuwa imeandika kwamba anajua kusoma. Fomu yake ya kukataliwa ilikuwapo masjala. Ilitolewa, ikapitishwa mezani, na kila mkurugenzi aliitazama ile saini.

Ikaamuliwa kwamba Bi Mwatabu ni mhitimu wa chuo.

Hilali alitumwa kumshawishi. Alivuka mtaro peke yake, akamkuta anapepeta mchanga kutoka kwenye udongo. Alimpa shikamoo, akaeleza habari ya sherehe, na kwamba safari hii angepata kiwanja. Bi Mwatabu alimuuliza jambo moja tu, kama cheti atakisoma mwenyewe mbele ya watu au atasomewa. Hilali akamwambia atakisoma mwenyewe, ndiyo maana ya mhitimu. Bi Mwatabu, aliyekuwa amesikia habari za mkewe, akamuuliza tena kama alijifungua salama. Hilali akasema ndiyo, mtoto wa kike. Halafu, kwa jinsi alivyoniambia mwenyewe siku nyingi baadaye, alitaka kumwomba msamaha, badala yake akajikuta anamsaidia kupepeta mpaka suruali ikabadilika rangi.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali. Wageni waliingizwa kupitia lango, wakapelekwa kwenye mahema. Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa saa nzima na robo. Aliwaeleza jinsi walivyoikuta ardhi ikiwa tupu kabisa, na akaonyesha ile picha, iliyokuzwa mpaka ikawa kubwa kama mlango. Mwalimu Leonida alikuwa amesimama mbali, nyuma ya kamba, pamoja na wanafunzi wake waliokuwa wakitazama juu kama walivyofundishwa.

Bi Mwatabu akaitwa jukwaani. Alikuwa amevaa kitenge kipya, mikono myekundu kama kawaida. Waziri akamkabidhi cheti, na mshereheshaji akatangaza kwamba mama huyu, ambaye hakuijua hata irabu, sasa atasoma.

Alisoma vizuri. Hakusita hata kwenye jina refu la wizara. Alisoma: «Inathibitishwa kwamba Mwatabu Shekuwe amefundishwa kusoma na kuandika na Chuo cha Ajira na Elimu Mikongeni, chini ya uongozi wa Mheshimiwa Daktari Anzuruni Lukindo.» Watu wakapiga makofi. Yeye akasubiri makofi yaishe.

«Hapa pana kosa,» alisema.

Waziri alicheka kidogo na kunyoosha mkono achukue kipaza sauti. Lakini Mheshimiwa Rais, ambaye alikuwa ameanza kusinzia, alifumbua macho na kuuliza kosa gani. Na Rais akiuliza, hakuna wa kuchukua kipaza sauti.

«Jina la aliyenifundisha, Mheshimiwa. Mimi nimefundishwa na Mwalimu Leonida Msangaji, katika banda lililokuwa pale, kwenye hiyo picha.» Akaigeukia picha. «Hapo palipo peupe ndipo lilipokuwa. Na hapo chini palikuwa na tanuri, nilikuwa na kazi. Naomba kalamu nisahihishe.»

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na daftari langu, na kalamu ilikuwa mkononi. Sijui kwa nini niliinuka. Nilipanda ngazi tatu, nikampa. Alikiweka cheti juu ya mimbari, akakata mstari mmoja na kuandika juu yake, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, uwanja mzima ulisikia kalamu ikikwaruza. Akanirudishia na kunishukuru.

Nyuma ya kamba Mwalimu Leonida hakulia wala hakutabasamu. Waliokuwa karibu naye wanasema alinyoosha shingo tu, kama anayetaka kuona herufi zimekaaje.

Rais ana akili nyepesi, na ndiyo maana ni Rais. Aliwageukia wageni na kusema kwamba hivi ndivyo walivyofundishwa wananchi wa Mbeleni, kukosoa bila woga, na akaagiza mwalimu huyo aajiriwe mara moja. Wageni walivutiwa mno. Juma lililofuata Mheshimiwa Daktari Lukindo alihamishiwa wizara kubwa zaidi, yenye bahari. Bi Mwatabu alipewa kiwanja chake, upande wa bondeni, kwenye udongo wenyewe, kwa sababu karani aliyeogopa kukosea tena alimwuliza achague. Mwezi uliofuata moshi wa tanuri ulionekana pale, na serikali, kwa kuwa kiwanja kilikuwa na hati, ikaamua kuuita moshi huo awamu ya pili.

Barua ya kumwajiri Mwalimu Leonida niliichapa mimi. Ilisema kwamba imeamuliwa aajiriwe kama Mwalimu Daraja la Tatu, na kwamba inasikitikiwa usumbufu wowote uliojitokeza kuhusu banda lake. Hilali aliipeleka. Alimkuta katikati ya somo, akaonyeshwa benchi, akakaa.

Somo lilipokwisha, Mwalimu alivaa miwani, akatoa kalamu nyekundu na kuisoma barua akiwa amesimama. Alisahihisha makosa mawili ya tahajia, ambayo ni yangu na ninayakubali. Kisha akayazungushia duara maneno mawili, «imeamuliwa» na «inasikitikiwa», na pembeni ya kila moja akaandika swali fupi: Na nani? Akamrudishia Hilali, akamwambia iandikwe upya, majina yawekwe, kisha ailete aikague.

Huu ni mwezi wa tisa tangu siku ile. Barua imezunguka ofisi zote za ghorofa nne na kurudi mezani kwangu. Makosa ya tahajia nilishayatoa. Mkurugenzi wa Mipango anasema aliyeamua ni Mkurugenzi wa Elimu, Mkurugenzi wa Elimu anasema ilikuwa kamati, na kamati inasema iangaliwe mihtasari. Nimeifungua mihtasari yote, miaka kumi na tisa, jalada kwa jalada. Nimeona mambo mengi sana yaliyoamuliwa. Mtu aliyeamua sijamwona.

Jana niliichukua ile barua, nikakaa nayo muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Pale palipoandikwa «inasikitikiwa» nikapafuta, nikaandika jina langu na kwamba nasikitika. Leo alasiri naipeleka mwenyewe. Nimeambiwa nifike kabla somo halijaanza, vinginevyo nitakosa pa kukaa.